Bobu ya mshazari: anza na upande mfupi

Ramadhani ikifika kumi la mwisho, na tena Desemba watu wanapojiandaa kwa harusi, maswali yanayoingia saluni hapa Malindi ni yale yale. Uso wangu wa duara, bobu ya mshazari itanikaa? Upande gani uwe mrefu? Nikate kiasi gani? Anayeuliza mara nyingi ameshika simu yenye picha ya mtu mwingine, na kwenye picha hiyo anachokiona ni upande mrefu tu, ule unaoshuka vizuri kandoni mwa shavu. Upande mfupi hauonekani. Kisogo hakionekani. Na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Kwa hivyo hapa tunakwenda kinyume na picha: tunaanza na upande mfupi. Upande mrefu ukikukera, unaupunguza kesho. Upande mfupi ukishakatwa huna la kufanya ila kungoja, na nywele za kichwa huota sentimita moja na kidogo tu kwa mwezi.

Tuelewane jina kwanza. Bobu ni mkato wa nywele fupi zinazoishia kati ya masikio na mabega, na bobu ya mshazari ni ile ambayo upande mmoja wa kichwa ni mfupi kuliko wa pili. Kulia na kushoto hakulingani. Ile ambayo ni fupi kisogoni na inateremka kuwa ndefu mbele, huku pande zote mbili zikilingana, ni mkato mwingine kabisa. Wateja wengi hutaja moja wakitaka nyingine. Mikato ya namna hii, yenye mistari mikali, ilipata umaarufu London miaka ya 1960 mikononi mwa msusi Vidal Sassoon, na wengi wetu huku tuliipenda tulipomwona Rihanna nayo mwaka 2007. Historia inatosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kioo cha ukutani na kioo kidogo cha mkononi. Bila cha mkononi hutakiona kisogo chako.
- Futi ya fundi cherehani, penseli na rula.
- Vibanio kumi hivi na chanuo lenye mkia.
- Shuka au leso ya rangi moja ya kujifunika mabegani. Leso ya maua mengi inakufichia ncha za nywele zinapoishia.
- Mtu wa kukupiga picha. Usijipige mwenyewe: kamera ikiwa karibu na uso inakuza pua na kupunguza taya, nawe utachagua mkato wa uso usio wako.
- Mtandio wako wa kila siku, kama unajifunga.
- Siku mbili za subira.

Kuna watu nawaomba wasubiri. Kama harusi yako iko ndani ya miezi sita, usikate. Mpambaji atataka nywele za kushikilia maua na asumini, na miezi sita ni kama sentimita saba tu za kuota. Kama nywele zinakatika ovyo au ngozi ya kichwa ina vidonda vya dawa, tibu hilo kwanza. Na kama ndiyo kwanza umefumua misuko uliyokaa nayo muda mrefu, zipumzishe wiki mbili ndipo uone ni nywele gani ulizo nazo kweli.

Hatua

1. Ziweke nywele katika hali utakayozivaa.

Zioshe, zikaushe, kisha zitengeneze kama utakavyozitengeneza siku ya kawaida, siyo kama siku ya sherehe. Nywele za singa zitalala zenyewe. Nywele za dawa zitakuwa nyoofu, lakini angalia mizizi: ikiwa imeota sana, urefu unaouona si wa kweli. Nywele za kipilipili zikikauka bila kuvutwa hujikunja na kupungua zaidi ya nusu ya urefu wake. Maana yake ni kwamba aliyekatwa bobu ya kidevuni nywele zikiwa zimepigwa pasi, atakapoogelea au kunyeshewa itampanda mpaka masikioni.

Hapa pwani jambo hili si dogo. Unyevu wa hewa yetu hauruhusu nywele za pasi kukaa nyoofu kutwa, hasa miezi ya kusi na mvua zake. Ukijua kwamba pasi utaipiga mara moja kwa wiki, chagua mkato unaopendeza nywele zikiwa zimejikunja, halafu zikinyooka iwe ni faida ya ziada.

*Kosa la kawaida:* kupima urefu nywele zikiwa mbichi. Nywele zenye maji huvutika. Zikikauka zinarudi juu.

2. Tafuta njia yako ya asili.

Lowesha nywele za mbele, zichane zote nyuma, halafu sukuma utosi mbele kidogo kwa kiganja. Zitajigawa zenyewe mahali fulani. Hapo ndipo njia yako ilipo. Upande unaobeba nywele nyingi ndio kwa kawaida unaofaa kuwa mrefu, kwa sababu nywele zinataka kwenda huko bila kulazimishwa. Ukilazimisha kinyume, kila asubuhi utashindana nazo, na saa nne zitakuwa zimerudi kwao.

Hapo hapo pitisha vidole kisogoni, karibu na shingo. Watu wengi wana mahali ambapo nywele zinazunguka au kuota kuelekea juu. Kariri ni upande gani. Upande huo ukikatwa mfupi sana, nywele zitasimama.

3. Pima sikio na kidevu.

Laza penseli chini ya kidevu, sambamba na sakafu. Simamisha rula kutoka kwenye ndewe ya sikio kushuka mpaka ikutane na penseli. Ikiwa ni chini ya inchi 2 na robo, yaani kama sentimita 5.7, nywele fupi kwa kawaida hukaa vizuri kwenye uso huo. Ikizidi, nywele ndefu kidogo ndizo zinazopendeza. Kipimo hiki husemwa kuwa ni cha John Frieda, msusi wa Uingereza. Mimi nakitumia kwa jambo moja tu: aliyepata zaidi ya sentimita 5.7 namshauri upande wake mfupi usipande juu ya taya. Hakimkatazi mtu bobu.

4. Jua uso wako unapanuka wapi.

Usijisumbue sana na jina la umbo. Nimeona watu wakibishana nusu saa kama uso ni yai au mraba, na jibu lisibadilishe chochote. Unachohitaji ni vipimo vinne kwa futi: upana wa paji, katikati ya nyusi na nywele, upana wa mashavu, pale mifupa inapotokeza, taya, kutoka chini ya sikio mpaka ncha ya kidevu, ukizidisha kwa mbili, na urefu wa uso, kutoka nywele zinapoanzia mpaka kidevuni. Andika. Ona kipi kimezidi.

Kanuni ninayoitegemea ni hii: mahali ncha za nywele zinapoishia, jicho la mtu husimama hapo na huona panene. Basi nywele zisiishie pale uso unapopanuka tayari.

Uso wa duara, ambao urefu na upana wa mashavu vinakaribiana: upande mfupi usiishie shavuni hata kidogo. Ushushe mpaka usawa wa kidevu, na upande mrefu upite kidevu kwa sentimita tano au zaidi. Nywele za utosini ziinuliwe kidogo. Nywele za mbele zilizokatwa mstari mmoja juu ya nyusi ziache, zinakata uso na kuufanya mfupi zaidi.

Uso wa mraba, wenye taya pana: adui ni usawa wa taya. Pande zote mbili ziukwepe, juu au chini. Mwombe msusi alainishe ncha badala ya kuziacha mstari wa wembe.

Uso mrefu: hapa wengi hukosea kwa kuiga picha yenye upande mrefu unaogusa bega. Unauongeza uso urefu. Tofauti ya pande iwe ndogo, upande mrefu uishie karibu na kidevu, nywele ziwe na unene pembeni, na za mbele zishuke kwenye paji. Hasa mwenye komwe atapenda hizi za mbele.

Uso wa kopa, paji pana na kidevu chembamba: unene uwe chini. Upande mrefu ujikunje ndani kidogo karibu na kidevu, na nywele za mbele zipite paji kwa mshazari.

Uso wa yai hauna masharti. Wewe nenda moja kwa moja hatua ya tano, nywele na shingo ndivyo vitakavyoamua.

5. Amua upande upi uwe mfupi.

Hatua ya pili imekupa jibu la kwanza. Sasa lipime na mambo haya kabla ya kulikubali.

Mapanja kwanza. Shika nywele za upande mmoja, zirudishe nyuma ya sikio, tazama panja. Fanya upande wa pili. Misuko ya kukazwa kwa miaka mingi huwaacha akina dada wengi na panja moja lililopungua kuliko jingine. Upande mfupi ndio utakaofunua panja, kwa sababu utaishia kurudishwa nyuma ya sikio. Kwa hivyo panja lililopungua liwe chini ya upande mrefu, hata kama njia ya asili inasema vingine. Kwangu hili lina uzito kuliko umbo la uso, na sijawahi kuliona limeandikwa kwenye picha yoyote ya mtandao.

Halafu sikio na taya. Upande mfupi ni wa kuonyesha: hereni, shingo, taya. Kila mtu ana upande mmoja wa uso anaoupenda zaidi kwenye picha. Huo ufunue.

Mwisho mtandio. Ukijifunga ushungi na kubana pini upande mmoja, nywele za upande huo hulala na kupata alama. Upande mrefu ndio unaoharibika zaidi, ukijikunja nje chini ya kitambaa. Pini iwe upande mfupi. Wateja wanaotoka Lamu huniuliza kama kuna maana ya kukata mkato wa namna hii na nje wanavaa buibui. Maana ipo. Nyumbani ndiko unakokaa saa nyingi, na kwenye kesha la hina wanawake wenzako watauona.

6. Weka urefu wa upande mfupi.

Nenda polepole hapa. Simama mbele ya kioo cha ukutani, leso mabegani. Chukua nywele za upande mfupi, zikunje kwa ndani na uzibane kwa vibanio mpaka ncha ifike usawa unaoutaka. Kisha pitia vituo hivi vinne, ukikaa dakika chache kwenye kila kimoja:

- Chini kidogo ya kidevu. Hapa ni salama kwa karibu kila uso, na bado utaweza kufunga nywele nyuma.
- Usawa wa kidevu. Unafaa duara na kopa. Mwenye taya pana autazame mara mbili.
- Katikati ya ndewe na taya. Inaanza kuonekana kwamba umekata. Shingo ndefu hupendeza sana hapa.
- Usawa wa ndewe. Ni mkato wa mtu mwenye uhakika, mwenye nywele nene na mapanja mazima. Nywele nyepesi zikifika hapa hukosa uzito wa kuzilaza.

Kwenye kila kituo geuka: mbele, ubavu, halafu cheka. Shavu likipanda kwa kicheko, nywele zilizoishia karibu nalo husukumwa nje. Jaribu pia kuzipitisha nyuma ya sikio. Zikichomoka kila mara, kituo hicho ni kifupi mno kwako au kirefu kidogo. Sogeza sentimita moja ujaribu tena.

Ukikipata kituo, pima kwa futi kutoka kwenye ndewe kushuka mpaka ncha. Andika. Namba hiyo ndiyo utakayompa msusi. Neno "fupi" kila mtu analo la kwake.

Kama kituo kimoja kinakuvutia na kimoja kinakutia wasiwasi, chagua kile kirefu. Baada ya wiki tatu unaweza kurudi kupunguza.

7. Weka tofauti ya pande mbili.

Sasa ndiyo upande mrefu. Sentimita mbili hadi tatu ni tofauti ndogo mno. Watu watadhani msusi alikosea. Kuanzia nne hadi sita macho yanaona kwamba imekusudiwa, na bado ni mkato wa kwenda nao kazini. Kuanzia nane kuendelea ni mkato wa kuvutia macho, unaotaka pasi na chanuo kila siku. Anayeanza namweka kwenye tano.

8. Tazama shingo na kisogo.

Geuka, shika kioo cha mkononi. Mstari wa nyuma utapanda kutoka upande mrefu kwenda mfupi. Shingo fupi inataka mstari huo upande kwa wazi na kisogo kiwe kifupi, ili ngozi ya shingo ionekane. Shingo ndefu inaweza kubeba nywele mpaka karibu na mabega. Upande mrefu usiguse bega lenyewe, kwani bega huzipindua ncha nje na mshazari unapotea.

9. Kaa na jaribio lako siku mbili.

Piga picha ukiwa umebana: mbele, pande zote mbili na nyuma, mpigaji akiwa hatua mbili mbali nawe, mwanga wa dirishani. Ziache, zitazame kesho yake asubuhi. Kama una wigi ya bei nafuu, ikate kwa vipimo ulivyoandika na uivae nyumbani kutwa. Njia nyingine nzuri kwa mwenye nywele za kipilipili ni kusuka bobu ya rasta kwa urefu ule ule, upande mmoja mfupi. Ukiipenda baada ya wiki nne ndipo mkasi uguse nywele zako.

10. Mkalishe msusi mzungumze kabla ya mkasi.

Mpe namba mbili: sentimita kutoka kwenye ndewe upande mfupi, na kutoka kwenye ndewe upande mrefu. Mwonyeshe mahali nywele zinapozunguka kisogoni. Mwambie kama utazivaa zimenyooka au zimejikunja. Mwombe aache sentimita mbili za ziada kwanza, akaushe, mtazame pamoja, ndipo amalizie.

Nawe kaa wima. Usikunje nne, kwa sababu nyonga ikipinda bega moja linapanda na mstari unatoka vingine. Simu iweke mbali. Ukiinamisha kichwa kusoma ujumbe wakati anakata kisogo, nyuma itakuwa fupi kuliko mlivyokubaliana.

*Onyo:* dawa ya kunyoosha na mkato wa kumalizia visifuatane bila kukausha katikati. Dawa ndiyo inayoonyesha urefu halisi. Dawa kwanza, ioshwe vizuri, nywele zikaushwe, kisha mkasi.

Mambo yakienda kombo

*Upande mfupi umesimama.* Mara nyingi umekatwa juu ya mahali nywele zinapozunguka. Lowesha mizizi, siyo ncha, kausha kwa draya ukizilaza kwa chanuo kuelekea chini, kisha funga kitambaa cha hariri au satini dakika kumi. Zikiota sentimita moja uzito utazilaza wenyewe.

*Upande mrefu unajikunja nje.* Angalia kama unagusa bega, kama unaulalia usiku, au kama pini ya mtandio iko upande huo. Ukisharekebisha hayo, pitisha pasi mara moja tu, isizidi digrii 180 za Selsiasi, ukiwa umetia mafuta ya kuzuia moto. Mafuta ya nazi yaache kwa usiku wa kabla ya kuosha.

*Kisogo kina ngazi.* Usijaribu kurekebisha mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Rudi saluni ndani ya wiki ile ile, nywele zikiwa zimeoshwa na hazina mafuta.

*Nywele zimekauka na kupoteza ulaini.* Maji ya kisima yenye chumvi na maji ya bahari yote hukausha ncha, na kwenye bobu ncha ndizo zinazoonekana. Kabla ya kuogelea lowesha nywele kwa maji matamu na utie mafuta kidogo. Ukitoka, suuza tena kwa maji matamu. Kama nyumbani mna kisima cha chumvi, weka ndoo ya maji ya mvua au ya kununua kwa ajili ya suuzo la mwisho.

*Mshazari umepotea.* Baada ya wiki sita hadi nane ni kawaida. Ukitaka kuendelea nao, punguza upande mfupi na kisogo tu, mrefu uache. Ukitaka kuuacha mkato, fanya kinyume: punguza upande mrefu kidogo kidogo kila mwezi mpaka mfupi uufikie.

*Nimekatwa fupi kuliko tulivyokubaliana.* Usikate upande mrefu kwa hasira siku hiyo hiyo ili vilingane. Hamisha njia sentimita mbili kuelekea upande mrefu, ili nywele za utosini zianguke upande mfupi na kuujaza. Vaa hereni kubwa upande huo na usubiri wiki moja. Siku ya saba, pima tena kutoka kwenye ndewe, kisha uamue.